Mashariki mwa Congo: Mbwa wanaonunuliwa kwa dola na kutupwa karibu na soko

Katika miji ya Goma, Bukavu, Bunia na hata kule Lubumbashi, mbwa wasio na bwana wanaonekana kila asubuhi karibu na masoko, kwenye majalala na pembeni ya machinjio. Wakaaji wengi wanadhani mbwa hao walizaliwa hapo hapo barabarani. Lakini ukiwatazama vizuri, mmoja bado ana kipande cha kamba shingoni. Mwingine ana masikio yaliyosimama na mgongo mweusi wa berje aleman. Wa tatu ana kichwa kipana cha rottweiler juu ya mwili wa mbwa wa kienyeji. Hao hawakutoka msituni. Kuna mtu aliyewanunua, akawapa jina, akawalisha miezi michache, kisha akawaacha.

Biashara ya watoto wa mbwa inafanyika bila ofisi wala kibao. Picha zinapita kwenye WhatsApp na Facebook, bei inasemwa kwa dola, na mtoto wa mbwa anafikishwa kwa pikipiki, ndani ya karton. Mnunuzi mara nyingi hatafuti rafiki, anatafuta ulinzi. Usiku wezi wenye silaha wanapanda kuta, na mbwa mkali anaonekana kuwa bei rahisi kuliko zamu anayedai mshahara kila mwisho wa mwezi. Ndiyo sababu mbwa wa kizungu anapendwa: ni mkubwa, anatisha, na jirani wakimwona wanajua kwamba katika parseli ile kuna kitu cha kulinda.

Shida inaanza mbwa anapokua. Berje aleman aliyefika akiwa na ukubwa wa paka anaweza kufikia kilo 30 na zaidi. Anakula kuliko mtoto wa shule, na mabaki ya bugali na vichwa vya sambaza havimtoshi. Akifungwa kwa mnyororo mchana na usiku anakuwa mkali hata kwa watoto wa nyumbani. Mwenye nyumba ya kupanga naye anaweza kusema hataki mbwa ndani ya parseli yake. Hapo mtu anamchukua mbwa, anampeleka mbali ili asijue njia ya kurudi, na anamwacha.

Wanaoumia zaidi ni majike. Mnunuzi anayetaka mlinzi huomba dume, maana jike, wanasema, ataleta mimba na kelele za madume mlangoni usiku kucha. Basi watoto wa kike ndio wanaobaki kwenye karton wakati wenzao wameisha kuuzwa, na ndio wanaotupwa wa kwanza. Ni kusema mji unajaza barabarani wale hasa watakaozaa.

Hesabu yake si ngumu. Mbwa jike hupata joto la uzazi mara mbili hivi kwa mwaka, mara ya kwanza akiwa kati ya miezi 6 na 12. Mimba inachukua siku 63 hivi, na uzao mmoja unaweza kutoa watoto 5, 6 au zaidi. Mtu mwenye jike mmoja anayemzalisha kila mara anaweza kupata watoto 12 kwa mwaka. Uzao wa kwanza unauzwa vizuri: shemeji anachukua mmoja, rafiki wa kazini mwingine, jirani mwingine. Uzao wa pili bei inashuka. Uzao wa tatu hakuna tena wa kumpigia simu. Watoto wale wanatolewa bure kwa yeyote anayepita, na waliobaki wanawekwa ndani ya mfuko na kuachwa karibu na soko, ambapo inasemekana "hawatakosa chakula".

Watoto wa mama mmoja

Mfugaji mwenye akili humwacha jike akomae kwanza, karibu mwaka mmoja na nusu au miwili, na humpumzisha kati ya uzao na uzao. Anayetafuta pesa za haraka anafanya kinyume. Anampandisha jike kwenye joto la kwanza, wakati mwili wake mwenyewe bado unakua, na anarudia kila mara mpaka mnyama anabaki mifupa. Watoto wanatenganishwa na mama wakiwa na wiki 4 au 5, wakati inafaa wafikishe walau wiki 8. Katika wiki hizo za mwisho ndipo mtoto wa mbwa anajifunza, kwa kucheza na ndugu zake, kiasi cha kung'ata bila kuumiza. Aliyenyimwa masomo hayo anakuja kuyajaribu kwenye mkono wa mtoto wa binadamu.

Halafu kuna ugonjwa wa parvo, unaoua watoto wa mbwa kwa kuhara damu ndani ya siku chache. Chanjo yake inaanza kutolewa kwenye wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa mara kadhaa. Muuzaji asiyetaka kugharamia chanjo anauza mapema, ili kama mtoto atakufa, afie kwa mnunuzi.

Tena, mbwa wa kizungu ni wachache mjini, na wengi wao walitoka kwenye nyumba chache. Mwenye dume anampandisha kwa binti yake, au kaka kwa dada, ili damu "isichanganyike". Watoto wanatoka na sura nzuri, lakini magonjwa ya ukoo yanazidi. Berje aleman wanajulikana ulimwenguni kote kwa ulemavu wa nyonga: mbwa anakua vizuri, kisha miguu ya nyuma inaanza kuburuta. Mbwa wa ulinzi asiyeweza kukimbia hana kazi katika nyumba iliyomnunua kwa ulinzi, na kila mtu anajua anakoishia. Isitoshe, manyoya yake mazito ya tabaka mbili yanavumilika kwenye baridi ya Goma au Butembo. Kule Uvira, Kalemie au Kisangani ni kama kumvalisha mtu koti la sufu mchana wa saa saba.

Jambo hili la damu moja, Congo ina mfano wake ulio maarufu duniani, ingawa wakaaji wengi hawaujui. Ni basenji, mbwa mdogo wa kuwinda mwenye mkia uliojikunja, anayepatikana katika misitu na vijiji vya kaskazini-mashariki. Habweki kama mbwa wengine, anatoa sauti kama ya kuimba. Wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wamsikie porini. Jina lake ni neno lile lile la dharau lililotumika kwa watu wa vijijini: basenji, washenzi.

Mwaka wa 1895 Waingereza walionyesha wawili wa kwanza mjini London wakiwaita mbwa wa Congo. Walikufa kwa ugonjwa muda mfupi baadaye. Ni katika miaka ya 1930 tu kwamba waliofikishwa huko waliweza kuishi na kuzaa. Mbwa hao wachache, pamoja na wengine wachache walioongezwa baadaye, ndio wakawa mababu wa basenji karibu wote wa Ulaya na Marekani. Miaka ikapita, na ugonjwa wa figo wa ukoo, uitwao Fanconi, ukaenea ndani ya familia hiyo ndogo. Mwaka wa 1987 na 1988 Wamarekani walirudi Zaire, katika nchi ya Wazande, kutafuta mbwa wa vijijini wenye damu mpya. Chama kikuu cha mbwa cha Marekani kikakubali mwaka wa 1990 kufungua kitabu chake cha ukoo ili kuwaandika. Watu wenye vitabu, madaktari na maabara walilazimika kuja kuomba mbwa wa kijijini Congo ili kuponya ukoo wao. Wakati huo huo, mjini, mbwa wa kienyeji anapigwa mawe kwa sababu si wa kizungu. Na huyo basenji jike hupata joto mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili: uzao wake ni nusu ya ule wa mbwa wa karton.

Hatari iliyo kwenye mate

Kama mambo yangekuwa ni huruma kwa mnyama tu, wengi wangesema vita na njaa vinatosha, mbwa asubiri. Lakini mbwa aliyetupwa anabeba hatari ambayo haichagui tajiri wala maskini. Kichaa cha mbwa kinaua karibu watu 59.000 kila mwaka ulimwenguni, kwa makadirio ya OMS, wengi wao Afrika na Asia, na hadi 99 kwa mia ya maambukizi kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Dalili zikishaonekana, mgonjwa anakufa. Mjini Kinshasa, mwaka wa 2009, madaktari wa hospitali moja ya watoto waliandika habari za watoto 21 waliofika na ugonjwa huo. Wote walifariki.

Hapa ndipo kutupa mbwa kunagusa maisha ya mtu moja kwa moja. Mbwa mwenye bwana akimng'ata mtoto, anaweza kufungwa na kuchungwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo zote, inajulikana kwamba hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, na sindano zinaweza kusimamishwa. Mbwa wa barabarani anang'ata na kupotea. Hakuna anayejua alipolala, wala kama bado anaishi. Basi mzazi hana la kuchagua: inafaa mtoto apate sindano zote, na kama kidonda ni kibaya, pamoja na seramu ambayo ni adimu na ya bei. Familia isiyo na pesa inangoja. Virusi haviharakishi, kwa kawaida vinachukua miezi 2 au 3 kufika kwenye ubongo, na muda huo mrefu wa kimya ndio unaodanganya watu kwamba kidonda kimepona.

Wakati wa kungoja gari au pikipiki ya kwenda hospitalini, kuna jambo moja lisilohitaji dola: kuosha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kamili. Si kupaka majani, si kuweka mafuta, si kufunga kwa kitambaa. Dakika 15 ni ndefu kwa mtoto anayelia, lakini ndizo zinazotoa virusi kwenye nyama.

Mara mbwa wanapozidi, sauti inatoka kwenye kata: wapewe sumu. Njia hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi na haikumaliza kichaa. Mbwa waliochanjwa wanakufa pamoja na wasiochanjwa, nafasi inabaki wazi, jalala bado lina chakula, na wengine wanaingia. OMS inasema chanjo kwa mbwa 70 kwa mia wa eneo moja ndiyo inayokata mnyororo. Ila mbwa asiye na mtu wa kumshika hafikishwi kwenye chanjo, hata ikiwa ya bure.

Inafaa pia kutochanganya mambo. Si kila aliyeacha mbwa alimtupa. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya Goma ihame, mamia ya maelfu ya watu walitembea kwa miguu kuelekea Sake, Rutshuru na Rwanda. Mwezi wa Januari 2025 vita vikafika Goma kwenyewe, na Februari Bukavu. Mama mwenye mtoto mgongoni na godoro kichwani hakuwa na mkono wa tatu wa kushika kamba ya mbwa. Kumlinganisha na mtu anayeshusha karton sokoni usiku na kurudi nyumbani kulala ni dhuluma. Lakini kwa mbwa na kwa anayeng'atwa matokeo ni yale yale, na ndiyo sababu mbwa wanaotengenezwa kwa wingi wakati wa amani wanakuwa mzigo mara mbili wakati wa kukimbia.

Nchi nyingine zimeamua kumshika muuzaji na mnunuzi pamoja. Uingereza, tangu Aprili 2020, mnunuzi wa mtoto wa mbwa inambidi amwendee mfugaji mwenyewe na kumwona mtoto akiwa na mama yake. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Lucy, mbwa jike aliyeokolewa akiwa amechakaa kwa kuzalishwa bila kupumzishwa. Ufaransa inamtaka mnunuzi atie sahihi hati ya ahadi na kungoja siku 7 kabla ya kumchukua mnyama, na kumtupa kunaweza kumfikisha mtu gerezani hadi miaka 3.

Congo haikosi wataalamu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha udaktari wa wanyama, na kile cha Graben, Butembo, pia kinafundisha kazi hiyo. Dume kuhasiwa na jike kufungwa uzazi si operesheni za ajabu kwa dokta aliyejifunza, ila wenye mbwa wengi hawajawahi kuziuliza. Bei yake inaonekana kubwa mpaka ilinganishwe na kulisha jike mwenye mimba na watoto sita mpaka waache kunyonya.

Kwa anayetaka mbwa leo, maswali ya kumwuliza muuzaji ni machache. Mama yuko wapi? Amezaa mara ngapi? Baba ni nani, na si ndugu yake? Kitabu cha chanjo kiko wapi, na kina sahihi ya dokta gani? Mwenye kufuga vizuri atafungua mlango wa parseli na kumwita mama mbwa kwa jina. Anayejibu kwamba mama "yuko kwa rafiki", na kwamba pikipiki ya kumleta mtoto iko tayari njiani, ana wengine watano ndani ya karton, na kesho kutwa atatafuta mahali pa kuwaacha wale wasionunuliwa.