Uraibu, Utegemezi na Arosto: Msamiati wa Dawa za Usingizi katika Faili la Mgonjwa

Dawa za jamii ya benzodiazepini zilianza kuuzwa mwaka 1960, na diazepamu ikafuata mwaka 1963. Tangu hapo madaktari wamezitumia kutuliza wasiwasi, kuleta usingizi na kuzuia kifafa. Hata hivyo, mwili uliozoeshwa dawa hizi kwa majuma au miezi hauziachi kwa urahisi. Zikikatizwa ghafla mgonjwa hutetemeka, hutoka jasho, hukosa usingizi na moyo humwenda mbio. Wengine huona na kusikia yasiyokuwapo, na wengine huanguka kifafa ambacho chaweza kuua. Hali hiyo hutibika, aghalabu kwa kupunguza dozi kidogo kidogo, lakini sharti itambuliwe na kuandikwa kwa jina lake. Hapo ndipo suala la tiba linapogeuka kuwa suala la lugha.

Jina linaloandikwa na daktari hatimaye hugeuzwa kuwa msimbo. Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoidhinishwa mwaka 1990 chini ya Shirika la Afya Duniani, maradhi yatokanayo na dawa za kutuliza na za usingizi yamo katika fungu F13. F13.2 ni utegemezi, F13.3 ni hali inayomfika mtu anapoiacha dawa, F13.4 ni hali hiyo hiyo ikiandamana na kuweweseka. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limeyahamishia 6C44, na humo 6C44.4 imegawanywa ili ijulikane iwapo mgonjwa aliona yasiyokuwapo, alianguka kifafa, au yalimpata yote mawili.

Yafaa ieleweke kwamba utegemezi na madhila ya kuiacha dawa si kitu kimoja. Toleo la kumi lilitaka dalili tatu au zaidi kati ya sita ndipo mtu ahesabiwe kuwa na utegemezi: hamu kali, kushindwa kujizuia, madhila ya kuiacha, kuhitaji dozi kubwa zaidi, kupuuza shughuli nyingine, na kuendelea kutumia licha ya madhara. Toleo la kumi na moja lataka mbili kati ya tatu, na mabadiliko yote ya mwili yamekusanywa kuwa dalili moja. Kwa hiyo, kwa kipimo chochote kati ya hivyo viwili, mwili kuzoea dawa hakutoshi peke yake kumfanya mtu aitwe mtegemezi.

Na achukuliwe kwa mfano mwanamke aliyeandikiwa diazepamu na daktari, akameza kidonge kimoja kila usiku kwa miaka mitatu bila ya kuongeza, kisha dawa ikamwishia akiwa safarini. Siku kadhaa baadaye anaanguka kifafa. Faili likisema "kifafa" tu, atapewa dawa za kifafa na chanzo kitasahauliwa. Likisema "utegemezi", atabeba jina ambalo huenda si lake. Huko Marekani, ambako hospitali zimetumia toleo lao la F13 tangu Oktoba 2015, tofauti hii ina misimbo yake: F13.23 huunganisha utegemezi na madhila ya kuiacha dawa, na tarakimu ya mwisho huonyesha kama mgonjwa aliweweseka au aliona yasiyokuwapo, F13.93 hushika madhila hayo kwa mtumiaji ambaye hakutajwa kuwa mtegemezi. Karani wa misimbo haruhusiwi kukisia. Asipoona maneno ya daktari yanayounganisha dawa na madhila, hana la kuandika. Huu ni ukali wenye manufaa, ingawa waganga wenye haraka huuona kuwa usumbufu.

Nchini Kenya faili huandikwa kwa Kiingereza, lakini mgonjwa mara nyingi huhojiwa kwa Kiswahili. Hapo muuguzi huwa mfasiri bila ya kuitwa mfasiri. Neno analolikimbilia ni "utegemezi", ambalo katika matumizi ya kawaida ni la mtoto kwa mzazi wake au la nchi kwa msaada wa wafadhili. Halina harufu ya ugonjwa, na ndiyo maana mgonjwa hulikubali upesi mno. Kumwuliza mtu kama anaitegemea dawa ni kumwuliza kama inamsaidia, naye atajibu ndiyo. "Uraibu" kwa wazee wa pwani uliambatana na tambuu na tumbaku, yaani starehe iliyokwisha kuwa mazoea. Siku hizi umebeba lawama nzito zaidi. Hata hivyo unafaa zaidi kuwa jina la maradhi yenyewe, kwa sababu ndani yake mna hamu na kushindwa kujizuia. Hali ya mwili peke yake yaweza kuitwa "mazoea ya mwili", na isiitwe zaidi ya hivyo.

Kwa madhila ya kuiacha dawa, Kiswahili cha mitaani kina neno tayari: arosto. Ni neno fupi, linaeleweka Mombasa hata Dar es Salaam, na linataja hali yenyewe wala si tabia ya mtu. Ila limezaliwa miongoni mwa watumiaji wa heroini. Mama aliyeandikiwa vidonge na daktari akiulizwa kama amewahi kupatwa na arosto atakasirika, au atakana. Basi neno hili lafaa kuingizwa katika msamiati wa wauguzi na vitabu vya mafunzo, na mbele ya mgonjwa liulizwe jambo lenyewe: ni kidonge gani, amekimeza kwa muda gani, cha mwisho alikimeza lini, na siku anapokikosa mwili wake hufanyaje.