Mzee Akae Wapi, na Nani Amtunze?

Mazungumzo yetu ya leo yahusu jambo ambalo kila jamaa italikuta mlangoni siku moja. Wazee wetu wakiisha kupungukiwa na nguvu, wakae wapi, na nani awatunze? Watu wengi hulijibu kwa haraka. Mmoja husema, "Mama ahamie kwangu mjini." Mwingine husema, "Abaki kwake, majirani wapo." Kila jibu laweza kumfaa mzee, na kila jibu laweza kumdhuru. Basi, kabla ya kuuliza mzee akae wapi, yatupasa tujue kwanza ni jambo gani asiloliweza tena.

Mwaka 1963 daktari wa Marekani, Sidney Katz, pamoja na wenzake, walitangaza kipimo chepesi ambacho hata leo chatumika. Hutazama mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani na kuketi kitini, kujizuia haja, na kula. Katika kila jambo huulizwa: Je, mzee aliweza peke yake, au hana budi kusaidiwa? Hata mwanafunzi aweza kuyatazama hayo nyumbani kwao. Faida yake ni hii: mzee asiyeweza kuoga peke yake, lakini ayaweza mengine matano, hahitaji kuhamishwa. Ahitaji mtu wa kumtekea maji na kumshika mkono. Ukimwondoa shambani kwake kwa ajili ya ndoo ya maji, umemwondolea shida moja, na papo hapo umemnyang'anya riziki yake, majirani zake na heshima yake.

Sasa tuzitazame njia zilizopo, tukianza na ile iliyo karibu.

Njia ya kwanza ni kuitengeneza nyumba yake mwenyewe. Kuanguka ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya ajali ulimwenguni, na wanaokufa zaidi kwa kuanguka ni watu waliopita miaka 60. Kwa hiyo punguza kizingiti kirefu, simamisha miti imara ya kushikilia katika njia ya chooni, weka taa karibu na kitanda, na kitanda chenyewe kiwe na kimo cha goti ili ainuke bila kuvutwa. Litazame na jiko pia. Moshi wa kuni na wa samadi kavu, ukiyaingia macho kwa miaka mingi, huyafanya kuwa mekundu. Katika nchi ya Wasukuma, huko Tanzania, macho mekundu yamedhaniwa kuwa dalili ya uchawi, na wanawake wazee wameuawa kwa dhana hiyo. Macho yale ni ya mpishi aliyelisha watoto wake miaka hamsini. Basi jiko lisilotoa moshi mwingi, dirisha la kupitisha hewa, na jirani afikaye kila siku, vyote hivyo ni ulinzi wa uhai wake.

Njia ya pili ni mzee kukaa kwake na kujiwa na msaidizi. Hapa pana hatari ambayo hatuitaji mara nyingi: mzigo wote humwangukia mtu mmoja, na mara nyingi ni mjukuu wa kike, naye huachishwa shule. Hiyo ni dhuluma kwa mtoto, hata ikivikwa jina la adabu. Yafaa jamaa wote waketi pamoja, wagawane kazi, na waandike: huyu ataleta fedha, huyu atalima, huyu atafua na kuogesha, na huyu atashika zamu ili mwenzake apumzike. Fedha za serikali nazo huweza kusaidia. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mkaaji wake aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa umri huo shilingi 2,000 za Kenya. Uliza kwa mkuu wa mtaa au kijiji chako ni msaada gani uliopo sasa.

Njia ya tatu ni mzee kuhamia kwa mwanawe. Hiyo ni njia njema akiwa hawezi tena mambo mengi, na kama nyumba hiyo haibaki tupu kutwa nzima. Ajaribu kwanza mwezi mmoja. Shamba lake na nyumba yake vibaki katika jina lake, wala asitiwe haraka ya kuviuza. Apewe na kazi aiwezayo, kwani mtu asiyehitajiwa na yeyote huzeeka upesi.

Njia ya nne ni nyumba za wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, humhesabu mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 au zaidi, na yasema kwamba kumtunza katika nyumba za namna hii kuwe hatua ya mwisho. Huko Zanzibar ipo nyumba ya wazee ya serikali huko Welezo, katika kisiwa cha Unguja. Asiye na jamaa asione haya kukaa mahali kama hapo. Lakini mwenye kumpeleka mzee wake atazame kwanza: Je, usiku kuna mhudumu? Maji yapo? Wazee waruhusiwa kutoka na kupokea wageni? Kisha asiache kwenda kumwamkia.

Tena, mzee akianza kupotea njia aliyoizoea, au kusahau majina ya wanawe, huenda ni maradhi ya ubongo. Apelekwe hospitali, wala asifungiwe ndani.

Wahenga walisema, "Mgonjwa haulizwi uji." Lakini uzee si ugonjwa, na mzee yapasa aulizwe. Katika baraza la jamaa apewe kiti chake, asikilizwe kwanza, na neno lake liandikwe juu ya mengine yote. Nyumba itakayochaguliwa ni yeye atakayelala ndani yake.