Kuipima Shule ya Msingi: Alama za Darasa la Saba na Kauli za Wazazi

Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi unampima mtoto. Shughuli yake tangu zamani ni kuamua nani aende kidato cha kwanza, na kila kilichomo ndani yake, kuanzia namba ya mtahiniwa hadi daraja la mwisho, kimepangwa kwa ajili hiyo. Shule ilianza kuhukumiwa kwa mtihani huo kwa sababu nyepesi: ni miongoni mwa takwimu chache zinazotolewa kila mwaka, kwa kila shule, bure, na kwa namna ambayo mzazi wa kata ya Endabash, wilayani Karatu, anaweza kuifungua kwenye simu.

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatoa matokeo, mzazi huyo hufungua Mkoa wa Arusha, kisha Karatu, kisha jina la shule ya kijijini kwake. Mbele yake hutokea mistari ya watahiniwa: namba, jinsi, herufi ya kila somo na daraja la wastani. Masomo ni sita na kila moja lina alama 50, hivyo jumla ni 300. Mtoto mwenye alama 241 na kuendelea hupata A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C, 61 hadi 120 ni D, na chini ya hapo ni E. Wa A, B na C wamefaulu. Kwa miaka kadhaa ukurasa wa shule ulionyesha pia wastani wa shule na nafasi yake kiwilaya, kimkoa na kitaifa, shule zikiwa zimegawanywa makundi mawili: zenye watahiniwa 40 au zaidi, na zenye pungufu ya hapo.

Namba inayosemwa zaidi mitaani ni asilimia ya ufaulu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwenye alama 121 na mwenye alama 179 wote wana C, ingawa mmoja amevuka mpaka kwa alama moja na mwingine amekaribia B. Shule mbili zinaweza kufaulisha asilimia 80 kila moja, moja watoto wake wakiwa wamekwama kwenye 125 na nyingine wakiwa wanazunguka 200. Wastani wa shule unaionyesha tofauti hiyo, asilimia inaificha. Aidha, mtoto ambaye yuko mbali sana na 121 hana faida yoyote kwa shule inayofukuzia asilimia, na mwalimu aliyebanwa na afisa elimu anajua ni watoto gani kumi wa mpakani akae nao jioni.

Asilimia hiyo haifai pia kulinganisha mwaka na mwaka. Mwaka 2012 waliofaulu nchi nzima walikuwa chini kidogo ya asilimia 31, mwaka 2020 walizidi asilimia 82. Hakuna anayezijua shule za msingi atakayesema kwamba watoto walielewa karibu mara tatu zaidi ndani ya miaka minane. Ufaulu hubebwa pia na aina ya maswali, mipaka ya madaraja na ukali wa maandalizi. Ikumbukwe kwamba mapema mwaka huo huo wa 2012 sekondari kadhaa ziliripoti kupokea kidato cha kwanza wanafunzi wasiojua kusoma, watoto ambao kwenye karatasi walikuwa wamefaulu. Ulinganisho wenye maana ni wa shule na jirani zake katika mwaka mmoja, kwa mtihani mmoja.

Hata hapo, udogo wa shule huleta taabu. Chukua mfano wa shule ambayo alama za watoto wake hutawanyika kiasi cha alama 45 juu na chini ya wastani. Ikiwa na watahiniwa 25, wastani wake unaweza kupanda au kushuka alama 9 hivi kwa sababu tu kundi la mwaka huu si la mwaka jana: mapacha wenye akili walihamia, watatu waliugua wiki ya mtihani. Ikiwa na watahiniwa 100, mtikisiko huo hupungua hadi alama 4 na nusu. Thomas Kane na Douglas Staiger walionyesha mwaka 2002, kwa takwimu za jimbo la North Carolina nchini Marekani, kwamba shule ndogo hujaa kileleni na mkiani mwa orodha kwa pamoja, na kubadilishana nafasi mwaka hadi mwaka. Kuzitenga shule zenye watahiniwa chini ya 40 kulisaidia kidogo tu, kwa kuwa ndani ya kundi hilo bahati inaendelea kufanya kazi yake. Shule ya kijijini yenye mkondo mmoja isomwe kwa wastani wa miaka mitatu. Mwalimu mkuu anayepongezwa kwa kupanda nafasi 30 kwa mwaka mmoja, kisha akakaripiwa mwaka unaofuata kwa kushuka 25, mara nyingi hakufanya chochote tofauti.

Swali zito zaidi linahusu watoto ambao hawamo kwenye orodha. Tuseme shule iliandikisha watoto 60 darasa la kwanza. Miaka saba baadaye 34 wanafanya mtihani na 30 wanafaulu. Ukurasa wa matokeo unasema asilimia 88. Ukihesabu kutoka darasa la kwanza, waliofika na kufaulu ni nusu tu. Wengine walihama, na hao si kosa la shule. Lakini wapo waliokariri darasa baada ya Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne wakakata tamaa, wapo walioacha shule njiani wakaenda kuchunga, na kwa upande wa Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, wapo wanaopotelea kwenye mashamba ya vitunguu msimu ukifika. Watoto wa Wahadzabe wa bonde hilo huingia na kutoka darasani kwa kufuata mwendo wa familia zao. Shule inayowabembeleza watoto hawa warudi, ikawaingiza kwenye chumba cha mtihani wakiwa na mapengo ya miezi, huteremsha wastani wake kwa mikono yake. Ile iliyowaacha wayeyuke hupanda.

Hilo limeshapimwa nchini. Mwaka 2013 mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ulileta orodha ya shule zote za msingi kwa nafasi, zikipakwa kijani, njano au nyekundu. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea na kuchapisha matokeo yao mwaka 2021. Shule za mkiani mwa wilaya zao ziliongeza wastani wa alama, kwani ndizo zilizobanwa zaidi. Hata hivyo, shule hizo hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani wa darasa la saba. Mtoto dhaifu akigeuka mzigo kwenye namba, njia ya mkato ni kumtoa kwenye namba. Januari 2023 NECTA ilitangaza kuacha kutaja shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Ulikuwa uamuzi wa busara, ila umeacha pengo: orodha ya vinara imeondoka, na hesabu ya walioanza dhidi ya waliomaliza haijachukua nafasi yake. Hesabu hiyo ipo shuleni, kwenye rejesta ya uandikishaji, na mjumbe yeyote wa kamati ya shule ana haki ya kuiulizia.

Alama hubeba pia vitu ambavyo mtoto amekuja navyo. Endabash, kama ilivyo sehemu kubwa ya Karatu, kaya nyingi huzungumza Kiiraqw, lugha ya Kikushi isiyo na undugu na Kiswahili. Mtoto wa Karatu mjini aliyekua kati ya redio, duka na stendi huanza darasa la kwanza akiwa anakielewa Kiswahili cha mwalimu. Wa kijijini huanza kwa kujifunza kwanza lugha ya kufundishiwa, kisha kusoma ndani yake, kisha Kiingereza juu yake. Shule inayomtoa mtoto huyo sifuri hadi 140 imefanya kazi kubwa kuliko inayompokea mwenzake akiwa katikati ya njia na kumfikisha 170. Matokeo ya darasa la saba peke yake hayawezi kuonyesha hilo. Kinachoweza kusaidia ni kuyaweka kando ya matokeo ya darasa la nne ya kundi lile lile, miaka mitatu nyuma: shule ilikuwa wapi wilayani wakati ule, na iko wapi sasa?

Kauli za wazazi nazo zina nguvu zake na upofu wake. Mzazi anaona mengi ambayo NECTA haioni: saa ambayo watoto hurudi nyumbani, kama kuna uji au makande mchana, hali ya vyoo, viboko, mwalimu aliyelewa siku ya mnada. Asichoweza kuona kwa urahisi ni kinachotendeka baada ya mlango wa darasa kufungwa, au kama kuna kinachotendeka. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa mwaka 2010 katika shule za msingi za Tanzania ulikuta kiasi cha robo ya walimu hawapo shuleni, na zaidi ya nusu hawapo darasani muda wa vipindi vyao. Maana yake wengi walikuwepo kazini, ofisini au chini ya mti, na mzazi anayepita barabarani angeapa kwamba shule ina walimu. Mafundisho halisi yalifika saa mbili hivi kwa siku, wakati ratiba ilitaka zaidi ya tano.

Kuridhika kwa mzazi hutegemea pia anailinganisha shule na nini. Aliyesoma chini ya mwembe, akaishia darasa la nne, huona madarasa ya bati na madawati kuwa maendeleo makubwa, na hana uongo. Wazazi wenye malalamiko mazito zaidi aghalabu hawapo tena mkutanoni, kwa kuwa wenye uwezo kati yao wamehamishia watoto kwenye shule za mchepuo wa Kiingereza mjini. Wanaobaki kusema ni wale wanaohudhuria vikao, na kikao cha asubuhi msimu wa palizi si sampuli ya kijiji.

Jambo linalochafua kauli hizi kuliko yote ni michango. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na tangu Januari 2016 Serikali hutoa ruzuku ya Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, Sh 4,000 kati yake zikiwa za vitabu. Fedha hiyo hailishi mtoto. Shule inayoomba mahindi na maharage kwa ajili ya chakula cha mchana husemwa vibaya, na isiyoomba kitu husifiwa kwa utulivu wake, ilhali ya kwanza ndiyo ambayo watoto wake bado wako darasani saa nane. Lawama kuhusu michango ni habari kuhusu mifuko ya wazazi. Ikihesabiwa kama habari za ufundishaji, inapotosha.

Kuna ushahidi ambao mzazi anao mkononi na huutumia mara chache, nao ni daftari. Daftari la hisabati la darasa la tano likiwa na kazi ya tarehe 4 na inayofuata ni ya tarehe 19, hakuna haja ya kumwuliza mtu yeyote kama vipindi vilifundishwa. Alama ya vema nyekundu iliyopita juu ya jibu lisilo sahihi inasema kwamba mwalimu hakusoma. Kurasa zenye sentensi zile zile kwa watoto watatu wa nyumba jirani zinasema kwamba kazi ilikuwa kunakili ubaoni.

Kipimo kingine ni kusoma kwa sauti. Uwezo, programu iliyoanza Afrika Mashariki mwaka 2009 kwa kufuata mfano wa India, ilipima watoto majumbani badala ya shuleni, hivyo watoro nao walihesabiwa. Majaribio yake yalikuwa ya kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya fupi, hadithi. Mara kwa mara yalikuta watoto wa darasa la saba wasioweza kusoma hadithi hiyo. Mzazi anayejua kusoma anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kitabu chochote cha Kiswahili cha darasa la pili: mtoto wa darasa la nne asome ukurasa, afunge kitabu, aeleze kilichotokea. Asiyejua kusoma anaweza kusikiliza: mtoto anayesita kila neno hajafika.

Wathibiti ubora wa shule, waliojulikana zamani kama wakaguzi, ndio pekee wanaotazama pande zote kwa pamoja: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira ya shule na ushiriki wa jamii. Taarifa yao inazidi kwa mbali orodha ya NECTA. Kasoro ni kwamba ziara zao si za kila mwaka kwa kila shule, na mapendekezo yao huishia kwenye faili la mwalimu mkuu yasipoulizwa.

Hukumu juu ya shule hutumika kwa namna mbili, kuchagua shule nyingine au kuibana iliyopo, na matumizi hayo hayalingani. Katika vijiji vya Punjab, Pakistan, vyenye shule kadhaa za serikali na binafsi, Tahir Andrabi, Jishnu Das na Asim Khwaja waligawa kadi za matokeo kwa wazazi: alama zikapanda na ada za shule binafsi zikashuka, kwa sababu mzazi aliweza kuhama. Kenya vijijini, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walifuatilia wazazi waliopewa matokeo ya Uwezo ya watoto wao na hawakuona mabadiliko ya maana katika ushiriki wao. Endabash iko karibu zaidi na hali ya Kenya. Mtoto husoma anakoweza kutembea, hivyo taarifa itakuwa na kazi pale tu inapopelekwa kwenye kamati ya shule au mkutano wa kijiji ikiwa swali linalojibika: walioandikishwa ni wangapi, waliofanya mtihani ni wangapi, na darasa la tatu wanaosoma bila kusita ni wangapi.

Mfululizo wa takwimu utakatika mwaka 2027. Mtaala ulioanza Januari 2024 umefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na mwaka huo wa 2027 darasa la sita la mtaala mpya litamaliza pamoja na darasa la saba la mwisho la mtaala wa zamani. Kila shule itakuwa na makundi mawili yenye umri na silabasi tofauti. Wastani wa kila kundi usomwe peke yake, na hesabu ya miaka mitatu mitatu ianze upya na kundi la darasa la sita.