Mkono Ndani ya Gunia: Habari ya Kipimo cha Sukari ya Miezi Mitatu



Mwenzetu mmoja aliyehamia Bariadi, mkoa wa Simiyu, kukaa na bintiye aliye mwalimu huko, ametuletea barua. Ametupa ruhusa kuitangaza bila ya jina lake, kwani twajua wamo wengi kati yetu wenye ugonjwa wa sukari kama yeye.

Asema kuwa kila siku ya kliniki ilipokaribia, aliacha chai ya sukari, tende na wali kwa siku mbili tatu. Hufika asubuhi na njaa, huchomwa kidole, na sukari hutoka 6 au 7. Hupongezwa, akarudi nyumbani na furaha. Lakini miguu ilikuwa ikimfa ganzi, na usiku akiamka mara nne kwenda haja ndogo. Mwezi uliopita daktari alimtoa damu mkononi ikapimwa kwa kipimo kiitwacho HbA1c. Jawabu likawa asilimia 10. Mwenzetu alikasirika, akadhani mashine imekosea. Sasa atuuliza: kipimo kipi kisemacho kweli?

Twamjibu: vyote viwili vyasema kweli, ila havijibu suala moja.

Sisi watu wa karafuu tutalifahamu jambo hili upesi. Atazamaye mdomo wa gunia huona karafuu kavu zenye vichwa. Mnunuzi mjuzi hutia mkono mpaka chini, akatoka na makonyo, mpeta na karafuu mbichi. Kipimo cha kidole ni kutazama mdomo wa gunia: chaonyesha sukari ya saa ile tu. HbA1c ni mkono ndani ya gunia.

Chembe nyekundu za damu huishi kiasi cha siku 120. Sukari iliyo katika damu hunata kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu iliyo ndani yake, na ikisha kunata hukaa mpaka chembe ife. Sukari ikizidi, nyingi hunata. Basi kipimo hiki huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na mwezi wa mwisho huchangia karibu nusu. Hakihitaji kufunga, wala siku mbili za kujinyima hazikidanganyi.

Asilimia 6.5 na zaidi ni dalili ya ugonjwa. Kwa wagonjwa wengi hutakiwa ishuke chini ya 7. Wazee na wale ambao sukari huwashuka ghafula, daktari huweza kuwawekea kiwango cha juu kidogo. Asilimia 10 ya mwenzetu ni sawa na wastani wa sukari wa 13 na ushei, siyo ile 6 aliyopongezwa. Nayo si hesabu ya bure. Mwaka 1993 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulithibitisha kuwa kuishusha hesabu hii hupunguza sana madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu.

Tena ipo tahadhari. Kanda ya Ziwa, Simiyu ikiwamo, watu wengi wamerithi selimundu, yaani sikoseli. Na huku visiwani pia ipo. Chembe zikifa mapema kwa selimundu, au kwa malaria iliyomaliza damu, hazipati muda wa kushika sukari ya kutosha, na hesabu hutoka ndogo kuliko kweli. Aliyeongezwa damu naye jawabu lake haliaminiki. Upungufu wa madini ya chuma, kinyume chake, huweza kuipandisha. Mwambieni daktari mapema.

Wala msiache kipimo cha kidole. Mwenye kuchoma insulini ndicho kimwongozacho kila siku. Ila ulizeni na hiki kingine: kila miezi mitatu ikiwa sukari haijatulia, na mara mbili kwa mwaka ikiwa imetulia.

Mwenzetu amebadilishiwa dawa, na miguu yake sasa hukaguliwa. Atapima tena baada ya miezi mitatu, na safari hii, asema, ataendelea kula kama alavyo siku zote.

Wassalaam,
Katibu