Mnyama wa Rukwa Aliyezikwa Mara Mbili

Mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, anayeuliza kama chini ya mtaa wake kuna mifupa ya dinosaria anauliza swali la kisayansi, na anastahili kujibiwa sawasawa.

Jibu limo ndani ya miamba. Milima iliyo mashariki ya Bujumbura ina miamba ambayo sehemu yake kubwa iliumbika zaidi ya miaka bilioni 1 iliyopita, kabla ya kuwapo mnyama yeyote mwenye mifupa. Uwanda wa Imbo, ulio kando ya Ziwa Tanganyika, nao ni mashapo ya mito yaliyojaa baada ya Bonde la Ufa kufunguka. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ilhali ziwa hilo linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu. Mlimani ni mapema mno, ziwani ni baadaye mno.

Lakini ukiufuata ufa huo kuelekea kusini, utafika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ambako mawe mekundu ya zama za Kretasia yamesalia. Kwenye ukuta wa genge moja watafiti walikuta mifupa. Waliitoa kwa misimu miwili, wakisaidiwa na wachimbaji wa makaa ya mawe. Mwaka 2014, Eric Gorscak na Patrick O'Connor wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, pamoja na wenzao, walimtangaza mnyama huyo: Rukwatitan bisepultus.

Alikuwa mla majani mwenye shingo ndefu, wa kundi la titanosauri, aliyeishi takriban miaka milioni 100 iliyopita. Mguu wake wa mbele unakadiriwa kufikia mita 2, na uzito wake ule wa tembo kadhaa. Hata hivyo, zimepatikana pingili kadhaa tu za shingo na mkia, mbavu, mifupa ya mguu wa mbele na sehemu za nyonga. Fuvu halimo.

Je, vipande hivyo vyatosha kumpa jina? Vyatosha. Pingili nyingi za mkia wa titanosauri zimebonyea mbele na kubinuka nyuma, zikashikamana moja kwa nyingine. Hiyo ni alama ya ukoo. Kisha ikaja kazi ya kulinganisha umbo la kila mfupa na ule wa jamaa zake, akiwemo Malawisaurus wa nchi jirani ya Malawi. Tofauti zilijitokeza, hata dhidi ya titanosauri wa kaskazini mwa Afrika, ishara kwamba huenda wanyama wa kusini mwa bara walikuwa na historia yao wenyewe. Baadaye bonde hilo likatoa wengine: Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka mwaka 2019.

Jiwe nalo lilikuwa na habari yake. Mzoga ulifunikwa kwanza na tope la uwanda wa mafuriko. Kisha mto ukakata njia mpya, ukafukua baadhi ya mifupa, ukaizika tena. Yote hayo katika zama zilezile za Kretasia. Ndiyo maana jina lake, bisepultus, linataja maziko mawili.

Mfupa peke yake usingesema hayo. Ukibanduliwa ovyo na kupelekwa sokoni, nusu ya ushahidi hubaki gengeni na kusombwa na mvua. Kwa hiyo anayeona mfupa ndani ya jiwe, awe mponda kokoto au mwanafunzi, auache hapohapo, aupige picha, awaite wanajiolojia.