Laini ya Simu Iliyofungwa na Namna ya Kuirejesha

Kwa mkazi wa delta ya Rufiji, simu ndiyo barua na ndiyo mkoba wa fedha. Malipo ya kamba waliovuliwa Salale hupita humo, na mzazi wa Mbuchi humtumia kwa njia hiyo matumizi mwanawe anayesoma Kibiti mjini. Laini ikifungwa, fedha zilizomo hazipotei, lakini hazishikiki. Na safari ya kuifuata huduma hungoja mashua na maji kujaa. Yafaa basi sababu ya kufungwa ijulikane kabla ya kulipa nauli, kwa kuwa kila sababu ina mlango wake.

Kufungwa kwingine ni kudogo. Aliyekosea mara 3 namba ya siri ya kadi ya laini huulizwa namba ya PUK, yenye tarakimu 8, ambayo kwa kawaida huchapishwa kwenye plastiki ilimobanduliwa kadi hiyo. Asiyekuwa nayo asibahatishe, kwani akikosea mara 10 kadi hufa kabisa. Aazime simu yenye laini ya mtandao uleule, apige namba 100 ya huduma kwa wateja. Aliyefungiwa akaunti ya fedha kwa kukosea namba ya siri naye hupiga hapohapo.

Kwa upande wa usajili, utaratibu wa alama za vidole ulianza Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kuzimwa. Kinachotakiwa ni namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, pamoja na kidole cha mwenyewe. Kitambulisho kikiwa hakijatoka, namba inatosha. Barua ya mtendaji wa kijiji, hata yenye mhuri, haishiki nafasi ya kidole. Jambo hili huwaudhi wazee wanaolazimika kusafiri, ila ndilo linalomzuia mtu mwingine kujitwalia namba yao na fedha zake.

Kuzito zaidi ni kufungwa kwa tuhuma za utapeli, ambako namba ya NIDA yenyewe huweza kuzuiwa ilhali mwenyewe hana habari. Mara nyingine chanzo ni siku ya usajili. Wakala asiye mwaminifu humwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, aweke tena. Kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lake. Laini hiyo huuzwa, kisha hutuma ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa kutaka “ile pesa” itumwe kwenye namba nyingine.

Aliyefikwa na hayo aanze kwa kupiga *106#, ili aone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Asizozitambua azipeleke kwenye duka la mtandao husika, si kwa wakala wa barabarani, na aombe ziondolewe. Malalamiko yake ayaandike, atunze nakala yenye tarehe na jina la ofisi iliyoyapokea. Siku 30 zikipita bila ufumbuzi, anaweza kuyafikisha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Hapo nakala ile ndiyo ushahidi wake kwamba alianza kwa mtoa huduma.

Anayetoka mbali abebe kadi ya laini yenyewe, namba ya NIDA, na orodha ya namba alizopigia karibuni pamoja na kiasi cha salio anachokumbuka, maana mhudumu huweza kumhoji kwa hayo. Namba ya siri haiulizwi na mhudumu wa kweli. Anayeidai ili “afungue laini” ni mtapeli, na namba yake iripotiwe kwa ujumbe kwenda 15040.

Kupiga *106# hakungoji laini ifungwe. Hufanyika nyumbani, kwa dakika chache, na namba ngeni ikionekana mapema huondolewa kabla haijamharibia mtu jina.