Mtaro Wako Utapitiwa na Nani?

Mtu akiniita nimwekee mtaro wa maji ya mvua langoni, ule wa kufunikwa kwa wavu wa chuma, namuuliza kwanza gari zito kuliko yote litakaloingia pale, hata kama huja mara moja kwa mwezi. Wengi hunijibu, "Fundi, hapa zinapita gari ndogo tu." Sawa, bosi. Na bomba likikauka, maji analeta nani? Choo kikijaa, linakuja gari gani kunyonya? Boza la lita 10,000 limebeba tani 10 za maji, hapo hujahesabu lori lenyewe.

Mitaro mingi ya kiwandani imepigwa chapa ya daraja kwa kiwango cha Ulaya, EN 1433. A15 ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, B125 ya maegesho ya gari ndogo, C250 ya ukingoni mwa barabara, D400 ya barabara za malori. E600 ni ya bandari na viwanda. F900 waachie wa viwanja vya ndege. Namba hizo ni kilonyutoni: gawa kwa 10, upate tani kwa makadirio. D400 ni kama tani 40, ila huo ni mzigo wa majaribio, si uzito wa lori lako. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli moja ya matairi manne ibebe tani 10, yaani tani 5 kila upande. Ziada yote hiyo ni ya breki, kona na kudundadunda kwa miaka.

Mimi semi-trela hainitishi kama foklifti. Tairi la upepo hujitandaza. Foklifti nyingi za ghalani hukanyagia vigurudumu vidogo vya mpira mgumu, na ikinyanyua mzigo, karibu uzito wote huangukia miguu ya mbele. Ghala lenye foklifti kubwa naanzia E600, na hapo hatubembelezani bei.

Wavu peke yake hautoshi. Mitaro mingi hufikia daraja lake ikishikwa na zege pembeni, kwa unene uliomo kwenye mchoro wa kiwanda. Anayebana saruji hapo amenunua chapa tu. Wavu ukae milimita 3 hadi 5 chini ya sakafu, tairi lisigonge ukingo. Kisha ukazwe kwa bolti. Uliolegea hucheza hadi unabomoa kingo zake, kama haujabebwa kwanza: mitaa yetu chuma chakavu kina wateja hadi usiku.